Mwalimu Efrazia wa Kambi ya Ukunguni na Neno "Alitoroka"

Mchungaji na wazee wa usharika, ndugu wa Migambo na wa ng'ambo ya bonde, walimu, na ninyi waendesha kambi mliotoka Soni, Mlalo, Mponde na hata Zirai kule Muheza, shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine wote poleni. Familia inawaomba mtulie msikilize hadi mwisho, kwa sababu historia hii ina sehemu ambayo watu hawajazoea kuisikia ikisomwa mbele ya jeneza, na atakayeinuka katikati ataondoka na nusu ya habari, na nusu ya habari ndiyo iliyotufikisha hapa.

Mwalimu Efrazia Nathanaeli Shemhilu alizaliwa hapa hapa Migambo, asubuhi ya Jumapili ya Pasaka, tarehe 14 Aprili 1968, akiwa mtoto wa pili kati ya sita wa Mzee Nathanaeli Shemhilu, mkulima wa viazi na mapeasi, na Mama Perpetua, ambao wote wawili wametangulia. Baba alitaka mtoto aitwe Pasaka, mama akakataa, akasema hatamwita mwanawe kila siku kwa jina la siku watu wanapochinja mbuzi, wakakubaliana Efrazia, akabatizwa kwa jina hilo siku ya Pentekoste, tarehe 2 Juni mwaka ule ule.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1976 hadi 1982, akachaguliwa kwenda Kifungilo kwa masista, Mlutheri kati ya Wakatoliki, akamaliza kidato cha nne mwaka 1986. Tusidanganyane kuhusu tabia yake, alikuwa mtu wa wasiwasi tangu utotoni, alikuwa akitoka jikoni anarudi mara mbili kutazama kama moto umezimika, na alipokuwa Kifungilo aliandika barua nyumbani kila wiki akiuliza kama paa halijaezuliwa na upepo, hadi baba yake akamjibu kwa mstari mmoja kwamba paa lipo, soma. Mwaka 1987 alijiunga na chuo cha ualimu Korogwe, akahitimu mwaka 1989 kama mwalimu wa daraja la tatu A.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Zirai, alikoripoti tarehe 1 Julai 1989, akafundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka sita na nusu, na huko ndiko alikokutana na Tobia Kaniki, fundi seremala aliyekuja kutengeneza madawati, akayatengeneza kwa muda mrefu kuliko madawati yalivyohitaji. Walifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 8 Januari 1994 katika kanisa hili, wakajaliwa watoto watatu, Stephano aliyezaliwa 1995, Glory 1998 na Edgar 2003, na ameacha wajukuu wawili.

Januari 1996 alihamishiwa shule moja ya upande wa Mponde, katikati ya mashamba ya chai, na huko aliona jambo lililomkosesha raha, kwamba shule zikifungwa Juni na Desemba, watoto wa wachuma chai hawana pa kukaa, wazazi wametoka Iringa, Kigoma, Singida, hawana bibi wala shangazi wa kuwaachia, basi mtoto anafungiwa ndani kwa funguo au anazurura kwenye mifereji hadi mama arudi na kikapu chake. Mwalimu Efrazia aliomba uwanja, akaomba sufuria, akamwomba Mama Secilia, mpishi ambaye leo yupo hapa na amepika hata chakula cha msiba huu, na Jumatatu ya tarehe 6 Desemba 2004 akafungua kambi ya likizo ya kwanza, watoto kumi na tisa, wiki tatu, kuimba, kuchora, kupanda miche, kucheza mpira na kula uji wa moto. Wakati huo hapakuwa na chuo cha kazi hiyo wala kitabu wala mtu wa kumuuliza, kila alichokijua alikijua baada ya kukikosea. Juni 2007 akaihamishia kambi hapa Migambo, kwenye kiwanja cha baba yake, akaiita Ukunguni, na watoto wakawa wa aina mbili, wale wa chai waliokuja kwa gari na kulala, na wale wa vijiji vyetu waliokuja kwa miguu na kurudi kwao jioni.

Sasa tunafika mahali penyewe, na maneno haya ameyaandika marehemu kwa mkono wake, familia imeyapanga tu.

Alhamisi ya tarehe 16 Juni 2011, kambi ikiwa na watoto arobaini na mmoja, Mwalimu Efrazia aliwapeleka msituni kuangalia mbega, na Juni ya huku mnaijua, ukungu badala ya kupanda ukashuka, saa nne asubuhi mtu hamwoni aliye mbele yake, akaamua msafara ugeuke. Katika haraka hiyo alimpanga Mwalimu Lusajo Mwakalinga mkiani, pamoja na wadogo kabisa, watoto wa darasa la kwanza kutoka ng'ambo ya bonde ambao nyumbani kwao hawasemi ila Kishambaa, ilhali Mwalimu Lusajo alikuwa na miezi mitatu tu tangu atoke Tukuyu, na Kishambaa chake kilikuwa kinaishia kwenye salamu. Mwalimu Efrazia aliliona hilo, likampitia kichwani, akasema moyoni kwamba ni mwendo wa saa moja tu, akaliacha.

Mtoto mmoja wa miaka saba, Lightness, alihisi baridi, akaiona njia ya kwao anayoifahamu, akafanya kama alivyofunzwa na mama yake, hakuondoka kimya, alimwendea mwalimu wake akamwambia, naita kaya. Mwalimu Lusajo akamjibu haya, fanya haraka. Mtoto akashika njia ya chini, msafara ukashika njia ya juu.

Walipofika kambini, Mwalimu Efrazia hakuhesabu watoto, alihesabu vikombe vya uji vilivyochukuliwa, vikawa arobaini na kimoja, akapumua, kumbe mtoto wa jirani alikuwa amejipenyeza kwenye foleni akanywa na wenzake kama alivyozoea. Saa nane mchana ndipo alipoona sweta moja limebaki kwenye kamba halina mwenyewe, akaanza kuuliza, akafika jikoni alikokuwa Mwalimu Lusajo.

"Huyo yupo, Mama," Mwalimu Lusajo alisema. "Alibaki nyuma kidogo anamwita mwenzake."

"Mwenzake nani?"

"Kaya. Aliniambia kabisa, naita Kaya. Nikamwambia afanye haraka."

Mama Secilia aliweka mwiko chini. "Mwalimu," alisema, "hapa hatuna mtoto anayeitwa Kaya. Kaya ni nyumbani. Na kuita, kwetu, ni kwenda. Mtoto alikuaga."

Mwalimu Lusajo alikaa chini palepale kwenye majivu.

Hapa marehemu ameandika kwamba kosa la Lusajo lilikuwa kosa la masikio, lakini lake yeye lilianza wakati huo. Nyumbani kwa Lightness palikuwa mwendo wa dakika ishirini, ilitosha kumtuma mtu akaulize kama mtoto amefika, naye hakumtuma, kwa sababu kuuliza kulikuwa ni kutangaza. Aliwachukua watu watatu, akawaambia watafute bila kupiga kelele, naye akabaki akiwahesabu wale arobaini, akawahesabu tena, mara sita, akiwashika vichwa, hadi wadogo wakaanza kulia bila kujua wanalilia nini, na kila alipomaliza alisema tumpe dakika kumi, atatokea. Dakika kumi hizo zikazaa saa moja na nusu. Saa tisa na nusu Tobia alirudi kutoka kwenye karakana, akamtazama mkewe usoni, hakuuliza mara mbili, akavuka bonde mwenyewe kuwaambia wazazi, na kijiji kizima kikatoka.

Lightness alipatikana saa kumi na moja na dakika ishirini, ndani ya korongo chini ya njia, mguu wa kushoto umevunjika karibu na nyonga, sauti imekauka kwa kuita watu, na madaktari walisema baadaye kwamba baridi ya saa mbili zaidi ingemmaliza. Mguu ule ulipona ukiwa mfupi.

Kesho yake ofisi ya kijiji ilitaka maelezo. Mwalimu Efrazia alikuwa hajalala, aliwafikiria wale watoto arobaini, akafikiria kambi ikifungwa watarudi kwenye mifereji ya chai, akamfikiria Lusajo atakavyofukuzwa, akajifikiria na yeye, na hilo ameliandika kwa herufi kubwa, NILIJIFIKIRIA NA MIMI, akaandika kwenye daftari la kambi kwamba mtoto mmoja alitoroka na amepatikana. Neno moja tu, alitoroka. Ofisi ikalinakili, shule ikalinakili, mtoto akachapwa viboko na baba yake, mguu ukiwa bado kwenye plasta, na watoto wa kijiji wakampa jina, wakamwita Mtoro.

Mwalimu Efrazia alikaa na neno hilo karibu miaka miwili. Tulioishi naye tuliona tu kwamba hapati usingizi kambi inapofunguliwa, kwamba anasimama katikati ya chakula kwenda kutazama mlango, kwamba akisikia mtoto anacheka mbali anashika kifua, nasi tukadhani ni ule wasiwasi wake wa kuzaliwa.

Jumamosi ya tarehe 9 Machi 2013, waendesha kambi kumi na mmoja wa milima hii walikutana Soni kwa mara ya kwanza, na mtaalamu mmoja kutoka Dar es Salaam akawaomba kila mmoja aeleze mafanikio yake. Walieleza. Kila kambi ilikuwa nzuri kuliko nyingine, kila mtoto alirudi kwao anaimba. Ilipofika zamu yake, Mwalimu Efrazia alisimama akaeleza habari ya naita kaya, vikombe vya uji, saa moja na nusu, na neno alitoroka, akakaa. Bwana Twaha, mwenye kambi ya kule Mlalo, akamwambia, "Dada, wewe umekuja kutujenga au kutufungia milango? Mzazi akisikia haya nani ataleta mtoto?" Mwalimu akamjibu kwamba yeye hajui, ila kama kwake halijawahi kutokea basi amfundishe anavyofanya. Hapo Bwana Twaha akakiri kwamba mwaka uliopita alikwenda maporomokoni na watoto ishirini akarudi na ishirini na mmoja, na yule wa ziada alikuwa wa kwaya ya watoto wa Bumbuli, na alimgundua kwa sababu alisali kabla ya kula ubwabwa wa Waislamu. Watu walicheka hadi wakafuta machozi, na baada ya kicheko mmoja mmoja akaanza kutoa la kwake, na mengine hayakuwa ya kuchekesha hata kidogo.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Umoja wa Waendesha Kambi za Likizo, ambao Mwalimu Efrazia aliuongoza miaka minane, na hadi leo mkutano wake wa kila Machi hauanzi na mafanikio, unaanza na kosa la mwaka, na asiye na kosa la kusema hukaa nyuma. Kwenye makosa hayo ndiko yalikotoka mambo mnayoyaona kambini sasa, kwamba anahesabiwa mtoto mwenyewe na siyo kikombe, kwa kutazamwa usoni na kuitwa jina, kwamba mkiani anakaa mtu anayejua lugha ya nyumbani kwa mtoto, kwamba viongozi wote wanafundishwa huduma ya kwanza kila mwaka, na kwamba mzazi anaambiwa ndani ya robo saa, kabla ya kutafuta na siyo baada. Mwalimu Efrazia mwenyewe alikwenda mafunzo Arusha mwaka 2014 na Morogoro mwaka 2016, akarudi akawafundisha wenzake bila kubakiza kitu. Na Mwalimu Lusajo, aliyetaka kurudi kwao Tukuyu wiki ile ile, alizuiwa, akawekwa jikoni kwa Mama Secilia mwezi mzima kujifunza Kishambaa, akakijua kiasi kwamba sasa anatutania nacho, naye ndiye mwenyekiti wa Umoja leo.

Lakini kusema Soni siyo kusema Migambo. Wazazi wa Lightness aliwafuata nyumbani mwaka ule ule 2013, akapiga magoti, wakamsamehe, na hapo akadhani limekwisha. Januari 2018 alisikia kwamba Lightness, aliyefaulu kwenda sekondari, amenyimwa nafasi ya bweni shule moja kwa sababu barua iliyotangulia ilisema ana historia ya kutoroka, na kwa mguu ule hawezi kutembea kilomita tisa kila siku. Mwalimu Efrazia alipanda gari asubuhi hiyo hiyo, akamweleza mkuu wa shule ukweli wote, mtoto akapokelewa. Bweni likapatikana, ila jina la Mtoro halikufutika, lilimsubiri kijijini kila likizo. Tangu hapo Mwalimu Efrazia alitaka kusimama kanisani humu wakati wa matangazo aliseme mbele ya wote, na kwa miaka sita alivaa, akafika, akakaa benchi la mbele, matangazo yakaanza, yakaisha, hakusimama. Sisi wa nyumbani tulijua, na tusijifanye watakatifu, tulimwambia aache, tulimwambia kambi itafungwa, tukamwongezea woga aliokuwa nao tayari wa kutosha.

Machi 2024 alianza kukwaruzwa koo, akafikiri ni vumbi la chaki la miaka thelathini na mitano, na tarehe 22 Aprili madaktari wa hospitali ya rufaa wakathibitisha kuwa ni saratani. Alitibiwa mionzi Juni na Julai, na kufikia Septemba sauti ilikuwa imekwenda yote, na siku alipoelewa kwamba haitarudi alilia kwa jambo moja, akaliandika kwenye ubao mdogo aliokuwa akiuning'iniza shingoni, kwamba Jumapili zote zile alikuwa na sauti. Kuanzia hapo akawa anaandika daftari hili, na ukurasa wa mwisho alioujaza, tarehe 30 Januari mwaka huu, unauliza swali moja mara nne, mtasoma? Alikuwa akimpa daftari kila aliyekuja kumtazama, akimkazia macho hadi ajibu. Wengi tulijibu ndiyo tukiwa hatumaanishi.

Alifariki dunia nyumbani, Jumapili ya tarehe 9 Februari 2025, saa tatu asubuhi, Tobia akiwa amemshika mkono.

Na baada ya hapo familia iligombana, siku tatu, na hilo nalo lisemwe. Stephano alisema mama asivuliwe nguo mbele ya watu, wajomba wakasema msiba siyo mahakama, wengine wakasema kambi ya Juni imeshaandikisha watoto hamsini na wawili na wazazi wao wengi watakuwa hapa. Tobia alisikiliza hadi jana mchana, kisha akasema kwamba miaka yote wametushauri watu ambao hawachechemei, na hakuna aliyekwenda kumuuliza mwenye mguu. Basi Glory akavuka bonde jana kumuuliza Lightness, ambaye sasa ana miaka ishirini na mmoja na anasomea ualimu, kama anataka mambo haya yasomwe au yazikwe.

Lightness alimsikiliza Glory hadi mwisho. Kisha akajibu, "Someni. Ila msiseme mtoto mmoja. Semeni jina langu lote."

Mzazi atakayemwondoa mtoto wake kambini baada ya kusikia haya ana haki yake, hatutamfuata kumbembeleza, na mwenye kutaka kuuliza zaidi, Mwalimu Lusajo na Glory watakuwa Ukunguni kuanzia Jumatatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hospitalini na wale waliokuja nyumbani alipokuwa hawezi tena kusafiri, inawashukuru majirani waliochota maji, waliopasua kuni na kulala matanga, akina mama wa usharika na Mama Secilia, ndugu zetu Waislamu kutoka Mlalo walioongozwa na Bwana Twaha, walimu wenzake wa Zirai na Mponde, na waendesha kambi wote wa milima hii. Kwa namna ya pekee inawashukuru Mzee Yohana Shekalaghe na mkewe, ambao walikuwa na kila sababu ya kutokuja, wamekuja, na wamekaa mbele.

Na sasa, kwa niaba ya marehemu, mbele ya mchungaji, mbele ya ofisi ya kijiji na mbele ya kila aliyewahi kulitamka lile jina njiani, Lightness Yohana Shekalaghe hakutoroka. Alimwambia mwalimu wake kwamba anakwenda nyumbani, kwa lugha aliyofundishwa na mama yake, na hakuna aliyemwelewa, na mkubwa aliyejua ukweli akaandika uongo.

Limesomwa, Mwalimu, lote. Pumzika sasa kwa amani.